Kabla ya Kununua Paneli za Sola, Iulizie Transfoma ya Mtaa Wako

Nyumba mbili zenye paneli za aina moja na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) ya uwezo mmoja zinaweza kupewa majibu tofauti kabisa zinapoomba kuunganishwa na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, iwapo moja iko mjini Kisumu hatua chache kutoka kwenye transfoma, na nyingine iko mwisho wa laini upande wa Nyahera. Mwenye kukataliwa hudhani ameonewa. Mara nyingi sababu haimo katika nyumba yake wala katika fomu alizojaza, bali katika nyaya na transfoma inayomhudumia pamoja na majirani zake.

Sheria ya Kawi ya Kenya ya mwaka wa 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba na msambazaji wa umeme, ili umeme anaoupeleka kwenye gridi uhesabiwe dhidi ya ule anaouchukua. Kiwango hicho cha megawati 1 ni mpaka wa sheria. Hakimaanishi kwamba kila nguzo inaweza kuubeba mzigo huo. Aliye na paneli na betri zisizounganishwa na stima ya gridi hahusiki na haya, ingawa naye anahitaji fundi mwenye leseni.

Tuanze na transfoma. Chukua mfano wa transfoma ya kVA 50 (uwezo wa takriban kilowati 50) inayohudumia nyumba 40 katika kijiji kilichopata umeme kupitia Last Mile, mradi wa serikali wa kuwaunganishia wananchi umeme ulioanza mwaka wa 2015. Saa sita mchana watu wengi wako shambani, sokoni au kazini, na kila nyumba inatumia, tuseme, wati 200 kwa wastani, yaani jumla ya kilowati 8. Nyumba kumi kati ya hizo zikiweka inveta za kilowati 5 kila moja, siku ya jua kali zitazalisha hadi kilowati 50, na kilowati 42 zisizo na mtumiaji zitalazimika kurudi nyuma kupitia transfoma hiyo hadi kwenye laini ya volti 11,000 au 33,000. Transfoma yenyewe inaweza kupitisha umeme kinyumenyume ndani ya uwezo wake, lakini vifaa vya ulinzi vilivyo juu yake huenda vilipangwa kwa kutarajia umeme unaokwenda upande mmoja tu. Mwombaji wa kumi na moja anaweza kukuta nafasi imekwisha, ingawa hana kosa lolote.

Hata hivyo, katika vijiji vyetu nyaya ni ndefu, na mara nyingi kinachokwamisha maombi kabla ya uwezo wa transfoma kuisha ni volti. Inveta ya kilowati 5 kwenye volti 240 hutoa takriban ampea 21. Ikiwa ukinzani wa waya kutoka kwenye transfoma hadi nyumbani, kwenda na kurudi, ni nusu omu, basi jioni nyumba hiyo ikivuta ampea 21 volti hushuka kwa takriban 10, na mchana ikirudisha ampea hizo hizo volti hupanda kwa kiasi hicho hicho. Sasa fikiria kwamba fundi wa laini aliwahi kuiinua volti kwenye transfoma hadi 250, kwa sababu wakazi wa mwisho wa laini walilalamika kuwa taa zinafifia kila mashine ya kusaga unga inapowashwa. Marekebisho hayo yaliyowasaidia jioni ndiyo yatakayoifikisha volti 260 adhuhuri. Inveta yenye ulinzi itajizima, na mwenyewe ataona paneli zake zimelala wakati jua limewaka kabisa, huku friji na televisheni za majirani zikiwa katika hatari ya kuumia kabla ya inveta hiyo kujizima. Hali huwa mbaya zaidi iwapo nyumba zote zenye sola zimeungwa kwenye fezi moja, yaani mmoja kati ya nyaya tatu zinazobeba umeme kutoka kwenye transfoma, ndiyo maana msambazaji huuliza uko kwenye fezi ipi.

Swali ninalolisikia mara kwa mara, na ambalo ni la haki, ni hili: ikiwa magharibi mwa Kenya hulalamikia kukatika kwa umeme, mbona umeme wa wananchi ukataliwe? Jibu ni kwamba laini kubwa na laini ndogo zina matatizo tofauti. Kisumu na kaunti jirani zina vyanzo vya karibu kama kituo cha umeme wa maji cha Sondu Miriu, chenye megawati 60, lakini hutegemea pia umeme unaosafiri mbali, ukiwemo ule wa mvuke wa Olkaria katika Kaunti ya Nakuru. Sola ya mchana inayotumika papo hapo hupunguza umeme unaopotea katika safari hiyo, na hiyo ni faida ya kweli kwa kila mtu. Lakini matumizi makubwa ya nyumbani huja baada ya jua kutua, na faida hiyo haiipunguzii waya mwembamba wa kijijini mzigo wa umeme unaorudi saa saba mchana.

Kwa hiyo jibu la kukataliwa lisichukuliwe kuwa mwisho. Kinachopimwa hasa ni kiasi ambacho inveta inaweza kukipeleka kwenye laini, si idadi ya paneli zilizo juu ya paa. Inveta inaweza kupangwa isirudishe chochote kwenye gridi, au irudishe kilowati 2 badala ya 5, na kinachobaki kijaze betri, kivute maji kisimani au kichemshe maji ya kuoga. Mashine hizo zikiendeshwa mchana badala ya jioni, ombi lile lile huwa jepesi zaidi kukubalika.

Mambo mawili hayana mjadala. Kazi ya kuunganisha na gridi ifanywe na fundi wa sola mwenye leseni ya daraja la T3, linalohusu mitambo inayounganishwa na gridi, na inveta iwe ya kujizima mara stima inapopotea, kwa sababu fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa anaweza kuuawa na umeme unaotoka nyumbani kwako. Pia usiwashe mtambo kabla ya kubadilishiwa mita, kwani baadhi ya mita za tokeni huhesabu umeme unaoutoa kana kwamba umeutumia.

Naamini wasambazaji wanapaswa kuiweka wazi nafasi iliyobaki katika kila transfoma, na gharama ya kuibadilisha transfoma iliyojaa isimwangukie mwombaji wa mwisho peke yake. Kwa sasa, kabla hujalipia paneli, nenda na namba ya mita yako, namba iliyoandikwa kwenye transfoma na uwezo wa inveta unayoikusudia. Ukikataliwa, omba jibu la maandishi linalotaja kama kikwazo ni transfoma, volti au fezi. Tatizo la fezi huenda likamalizwa kwa kuhamishwa waya mmoja, la volti kwa kupunguza kinachorudishwa au kuirekebisha transfoma, na la transfoma iliyojaa kwa kubadilishwa transfoma yenyewe au kwa mtambo usiorudisha umeme kabisa.