Kopo la mvua uwani kwako: soma saa 3 asubuhi, na sifuri nayo iandike

Asalaam alaykum. Toka masika yaanze simu ya ofisini kwetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa, haipoi, na wengi wanaopiga wana lalamiko moja tu: mumesema mvua kubwa, mbona kwetu imepita manyunyu? Au inakuja kinyume chake, mumesema ya wastani na sie maji yameingia mpaka chumbani, godoro tumelipandisha juu ya meza. Halafu kuna hizi voisi za wasap, mtu hajitaji jina, anasema kesho zinashuka milimita 300 Unguja nzima kaeni ndani, na watu wanafowadi bila hata kujiuliza hiyo milimita yenyewe ni kitu gani. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi na hili la voisi ndo linaloniuma zaidi, kwa sababu siku tutakapotoa tahadhari ya kweli watu watakuwa washachoka kutishwa.

Kwanza tuelewane kuhusu mvua yetu. Inanyesha vipande vipande. Wingu moja la masika linaweza likamwaga Mwanakwerekwe mpaka gari zikazimika barabarani, na mtu wa Fumba nguo zake zikawa zinakauka kambani. Unguja ina urefu wa kilomita kama 85, na kwa wastani inapata mvua ya milimita 1,600 hivi kwa mwaka, Pemba inafika kama 1,900, lakini huo ni wastani tu, na kwenyewe ukienda Makunduchi kule uwandani hali si sawa na huku kwenye mashamba ya kati. Kipimo cha uwanja wa ndege kinasema kilichoanguka uwanja wa ndege, basi. Hakijui kilichoanguka Bwejuu wala Jang'ombe, na nyie munapotuuliza "kwetu imenyesha ngapi" jawabu ya kweli ni kwamba ikiwa hakuna kipimo hapo kwenu, hakuna anaejua. Hata ile programu ya simu yenye picha ya wingu haijui, ile namba inatoka kwenye hesabu za kompyuta zinazochukua eneo kubwa kwa pamoja, hakuna mtu alokwenda kupima kwenye mtaa wako.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Si kazi ngumu, ila ina masharti, na masharti ndo watu hawayataki.

Milimita moja ya mvua maana yake ni maji yaliyotanda milimita moja juu ya ardhi iliyo sawa, bila kupotea popote. Kwenye eneo la mita moja kwa mita moja hiyo ni lita 1. Sasa chukua bati la nyumba yako, tuseme mita 8 kwa 10, ikinyesha milimita 50 bati hilo limepokea lita 4,000, yaani matangi manne ya lita 1,000 kutoka nyumba moja ndogo kwa siku moja. Zidisha kwa nyumba zote za mtaa, tena mtaa wenyewe uko bondeni, ndo utajua kwa nini Sebleni inajaa na kwa nini pale Ziwa Maboga barabara inageuka bahari. Kwa hiyo mtu akikwambia milimita 50 usione ndogo.

Mwaka mmoja alitupigia bwana mmoja, kashikilia kuwa kwake zimenyesha milimita 112 usiku mmoja na sie tumetangaza kidogo, tumewadanganya wananchi. Nikaenda mwenyewe. Nikamkuta ana ndoo ya plastiki, ile ya kawaida ya kuogea, pana juu nyembamba chini, kaiweka chini ya upenu karibu na kiambaza, na katia rula ya mtoto wa skuli. Nikachutama nikaitazama: ndani mna jani la muembe na mchanga mwekundu wa bati. Maji ya bati yote yanaporomokea humo humo. Yule bwana hakuwa muongo, wallahi, alipima kwa nia njema kabisa na rula ilisoma kweli 112, lakini alichopima ni bati lake, hakupima mvua.

Na hata angeiweka uwanjani ndoo ile ingemdanganya tu. Ndoo yenye mdomo wa sentimita 30 na kitako cha sentimita 22 inapokea mvua kwa upana wa mdomo, halafu maji yanakwenda kujibana chini penye wembamba, yanapanda juu. Ikinyesha milimita 50 za kweli rula ndani ya ndoo hiyo itakuonesha zaidi ya 80. Kwa hivyo tafuta chombo kilichonyooka ubavuni, juu na chini upana mmoja. Kopo la bati la maziwa ya unga linafaa sana, mkebe wowote ulosimama sawa unafaa, ukichovya rula mpaka kitakoni milimita unayoisoma ndo mvua. Angalia tu rula yako, nyingi sifuri yake haianzii kwenye ncha kabisa, kuna kipande cha plastiki kabla, hicho kikate au kihesabu.

Wanaopenda chupa ya maji ya lita moja na nusu, sawa, ikate pale inapoanza kubanika shingo, kile kipande cha juu kigeuze kiwe mrija, kichomeke ndani. Kitako cha chupa hakiko sawa kina mabonde, na ubavu una mikunjo, kwa hiyo usipime kwa rula, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe cha dawa chenye alama. Chupa yenye upana wa sentimita 9 pale ulipoikata, kila mililita 6.4 ni milimita 1 ya mvua. Ukivuta mililita 320, hiyo ni mvua ya milimita 50. Upana ukiwa tofauti hesabu inabadilika: pima upana, tafuta eneo la duara kwa sentimita za mraba, mililita ulizokusanya gawa kwa eneo hilo, jibu zidisha kwa 10 upate milimita. Mtoto wa skuli wa sekondari anaiweza hii, mpe aifanye.

Mahali pa kuliweka ndo pagumu mjini, najua, nyumba zimebanana. Kanuni ni kwamba kitu chochote kilicho karibu, mti, ukuta, antena, kopo likae mbali nacho angalau mara mbili ya urefu wake. Ukuta wa mita 3, kaa mita 6. Mnazi... mnazi usiukaribie kabisa, kuti linakinga upepo na mvua halafu linadondosha matone baadae, na nazi nayo ikishuka hakuna kopo. Mdomo uwe sawa kama meza, lisimame imara, lifungie kwenye kigingi kwa waya au lizibie mawe pembeni ili upepo usilipige teke. Juu ya paa la saruji tambarare watu wengi wanaweka, mimi sipendi, kule upepo unapita kasi na mvua inaruka mdomo wa kopo, utasoma pungufu.

Saa. Hapa ndo nawaomba sana. Vituo vyetu vinasoma mvua ya siku saa 3 asubuhi, na nyie someni saa 3 asubuhi, kila siku, inyeshe isinyeshe. Utasoma, utaandika tarehe ulosomea, saa na milimita, utamwaga, utarudisha. Hiyo namba ni mvua ya masaa 24 yaliyopita, si mvua ya "jana" wala ya "leo". Mtu akisoma leo saa 1, kesho saa 5, keshokutwa kasahau kasoma Jumapili, halafu anataka kulinganisha na sisi, hapana, haiwezekani, hapo hakuna cha kulinganisha. Ukikawia na jua likatoka kali maji nayo yanapungua yenyewe. Na kumwaga kuna faida nyengine, maji ya kopo yakilala siku mbili tatu mbu washataga.

Mtoto wa dada yangu anasoma Kanada, alinitumia picha usiku wa dhoruba ya theluji, kaweka ubao mweupe nje mbali na ukuta, anapima kina kwa rula. Nikamuuliza masharti yao, akaniambia saa ile ile kila siku, ubao unafutwa kila baada ya kipimo, pembeni mwa nyumba hapafai kwa sababu upepo unairundika. Halafu theluji ile wanaiyayusha wapate maji yake, kwa kawaida sentimita 10 za theluji zinatoa kama sentimita 1 ya maji, ikiwa nyepesi sana hata hazifiki. Kumbe kanuni ni zile zile, wao ubao sie kopo.

Sasa siku ya mvua kubwa yenyewe. Sie tunaita mvua kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya masaa 24. Lakini masaa yana maana yake: milimita 30 zikishuka taratibu usiku kucha ardhi inakunywa, milimita hizo hizo zikishuka nusu saa mtaro unajaa na maji yanaingia ndani. Kwa hiyo mvua ikiwa nzito soma katikati pia, kila saa ukiweza, andika saa na namba bila kumwaga, unamwaga saa 3 tu. Kopo likikaribia kujaa, mwaga na uandike ulichomwaga, asubuhi ujumlishe. Kukiwa na radi usitoke. Kaa ndani, namba itasubiri.

Na musilipe kopo kazi isiyo yake. Kopo linakwambia kilichokwishaanguka. Kinachokuja unakipata kwenye taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), zile za siku 5, na rangi zake zina maana: kijani hakuna tahadhari, njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Angalizo si tahadhari, jamani! Kila mwaka tunatoa angalizo la njano, mtu anafowadi "TMA yatoa tahadhari kubwa". Tukiandika upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mvuvi wa Nungwi anajua afanye nini na ngalawa yake, wewe ulobadilisha maneno umemuharibia. Na wale wanaosema Zanzibar vimbunga haviji, tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha minazi na mikarafuu mingi sana, na juzi tu Mei 2024 Hidaya kilifika mpaka karibu na Mafia.

Kwa upande wa sheria, ipo Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, namba 2 ya mwaka 2019. Kupima mvua uwani kwako na kuandika daftarini hakuna anaekukataza, na kumwambia jirani "kwangu zimenyesha 62" hiyo ni khabari ya kilichotokea. Kutangaza utabiri au tahadhari kwa umma bila ruhusa ya Mamlaka ni jambo jengine, hilo ni kosa, lina adhabu mahakamani, na "nilifowadi tu" musiitegemee kuwa kinga. Mwenye hoteli au skuli anaetaka kuweka kituo kamili chenye vifaa, kituo kinatakiwa kisajiliwe, kwa hiyo njoo ofisini kabla hujanunua, si baada, maana tumeshaona mtu kanunua kifaa kwa pesa nyingi kakifunga pahala pasipofaa na data zake hazitumiki.

Kuna bibi mmoja kule Pemba, upande wa Konde, nimeliona daftari lake la skuli kwa macho yangu. Mistari mitatu kapiga kwa rula: tarehe, saa, milimita. Kurasa nzima za kaskazi zina 0, 0, 0, moja chini ya nyengine, kwa kalamu ya buluu, kisha 4, kisha 0, kisha 71 alopigia mstari chini. Nilimuuliza bibi, kwa nini unaandika sifuri zote hizi? Akanambia nisipoandika utajuaje kama nilitoka nikatazama.

Ndo hivyo hivyo nataka. Sifuri maana yake ulikwenda, ukatazama, kopo kavu. Yakiwa matone tu yasiyopimika andika "matone". Na siku ambayo mbuzi kalipindua, au umesafiri, au watoto wamelichezea, usiandike sifuri na usikisie kwa jirani. Andika "limepinduka", acha namba wazi, lirudishe kopo, usome tena kesho saa 3.