Usiuvue mtumbwi wa Maine turubai lake

Nimeletewa tena mtumbwi wa Maine, jimbo la Marekani, uliovuliwa turubai ukapakwa faiba, yaani nyuzi za kioo na gundi, na maelezo ni yale yale: mbao ndizo zinazozuia maji, turubai ni pambo. Si kweli, na imani hiyo inamaliza mitumbwi iliyodumu miaka mia.

Kosa ni kuchanganya koo mbili za mafundi. Kule Ontario, Kanada, tangu miaka ya 1850, akina John Stephenson wa Peterborough na Thomas Gordon wa Lakefield waliunda mitumbwi ya mbao tupu juu ya kalibu, yaani umbo la kuundia. Vitabu hupenda kumtaja mmoja kuwa ndiye mwanzilishi. Mimi nina shaka, maana majirani hawa walikuwa wakitazamana kazi. Kwao, kweli, mbao ndizo zilizozuia maji, na maungio yalizibwa kwa vipapi, yaani vibao vyembamba, upande wa ndani.

Maine ni habari nyingine. Wapenobscot, wenyeji wa asili wa huko, walitandaza gome la mti kwanza, mataruma (mbavu za mtumbwi) yakaingizwa baadaye. Evan Gerrish wa Bangor, kisha kampuni ya Old Town, iliyoanza 1898 nyuma ya duka la vifaa la George Gray, walipindua utaratibu huo: mataruma yaliyolainishwa kwa mvuke yanapindwa juu ya kalibu, mbao zinafuata, turubai mwisho. Kalibu imevishwa mkanda wa chuma kila palipo na taruma. Ukigonga kimsumari cha shaba, ncha inakutana na chuma, inajikunja na kurudi ndani ya mbao, ambazo ni za mwerezi. Bila ujanja huo viwanda visingetoa mitumbwi kwa wingi.

Sasa utazame ubao wenyewe. Unene wake ni milimita 4 hivi. Hauna kalafati wala gundi. Turubai likivuliwa, mwanga unapenya kwenye maungio, na hiyo si kasoro. Kinachozuia maji ni turubai lililojazwa dawa ya mafuta ya kitani, nalo hubadilishwa likichoka. Mwerezi huvimba ukilowa, husinyaa ukikauka. Turubai huufuata; faiba hugoma, ikabanduka, maji yakanaswa katikati na mataruma yakaoza kuanzia ncha. Faiba iliyogandishwa kwa epoksi, gundi kali, naipasha moto kidogo kidogo ili itoke, na bado huondoka na nyuzi za ubao.

Usitegemee jina la kiwanda, kwani baadaye hata Peterborough walitengeneza ya turubai. Fungua ukingo wa nje, utafute safu ya vitundu vya misumari iliyoshika turubai kwenye ubao wa juu. Ukivikuta, nunua turubai namba 10 (namba ya uzito wake).