Kwa nini patasi huchovywa majini, kisha hurudishwa motoni?

Ukipita Kibuye, Kisumu, kwa mafundi wa jua kali, utasikia nyundo kabla hujauona moto. Fundi huchukua kipande cha springi ya gari, akakitia makaani hadi kiwe chekundu, akakifua juu ya fuawe kikawa patasi. Akishakipa umbo hukipasha moto tena, akakibana kwa koleo na kukitumbukiza majini. Shwaa! Wengi hudhani anakipoza tu apate kukishika. Sivyo. Sekunde zile chache ndizo zinazotofautisha patasi inayokata na kipande cha chuma chenye umbo la patasi.

Springi ni chuma cha pua, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni, hapa kama asilimia 0.6. Chuma kikiwa baridi, kaboni karibu yote hukosa nafasi kati ya chembe zake. Joto likipita nyuzi 730 hivi za Selsiasi, chembe hujipanga upya na kaboni ikapata pa kuingia. Kikiachwa kipoe polepole, kaboni hutoka na chuma hulainika. Majini hakuna muda huo: kaboni hunaswa ndani, mpangilio wote ukakakamaa. Ndiyo maana chuma cha mageti, chenye kaboni karibu asilimia 0.2 tu, hata ukikichovya mara kumi hakitakupa makali ya kudumu.

Joto hilo hupimwa kwa jicho, na ndiyo sababu fundi hupenda kivuli: juani wekundu wa chuma haujulikani vizuri. Mwenye shaka anaweza kutumia sumaku ya spika mbovu. Kwenye nyuzi 770 chuma huacha kushikwa na sumaku. Akiongeza moto kidogo tu, wakati umefika.

Patasi iliyotoka majini ni ngumu, lakini ni kama kioo. Ukiigonga yaweza kumeguka na kipande kikaruka jichoni. Kwa hiyo fundi huisugua ing'ae, kisha huirudisha karibu na moto, pole pole, akitazama rangi zinavyotambaa juu yake. Manjano ya nyasi kavu hutokea kwenye nyuzi 220 hivi, kahawia 260, zambarau 280, samawati 300. Ni utando mwembamba sana wa kutu ya moto, na kila unavyonenepa rangi hubadilika. Patasi ya mbao huishia manjano au kahawia. Ya kukatia chuma huachwa ifike zambarau, ipungue ugumu kidogo ivumilie nyundo. Mimi hii naiona sayansi kamili, hata kama aliyeijua hakuwahi kuingia maabara. Wajaluo humwita mjuzi huyo jatheth.

Ukinunua patasi ya springi ikapinda ncha, huenda iliingia majini kabla haijapata moto wa kutosha. Ikimeguka, yamkini haikurudishwa motoni. Mrudishie fundi, chuma ni kile kile, na anaweza kuanza upya.