Chumvi si fungu la machungwa

Machungwa ya sokoni Kirumba hupangwa yakigusana, na ndiyo picha inayotumika sana kufundishia fuwele, yaani kitu kigumu ambacho chembe zake zimepangika kwa mpangilio unaojirudia. Kwa shaba inafaa: kila atomu inagusa wenzake 12. Kwa chumvi ya mezani inapotosha, na kosa lake nalikuta kwenye hesabu za wanafunzi mara kwa mara.

Chumvi hujengwa na chembe mbili zenye chaji: sodiamu (chanya) na kloridi (hasi). Kisanduku chake cha msingi, kipande kidogo kinachojirudia, ni mchemraba. Kloridi zimekaa kwenye pembe 8 na katikati ya nyuso 6. Sodiamu katikati ya kingo 12, na moja moyoni. Ukihesabu kwa macho utapata 14 kwa 13. Lakini ya pembeni inamilikiwa na visanduku 8, ya usoni 2, ya ukingoni 4. Kwa hiyo kloridi ni 1 + 3, sodiamu 3 + 1: nne kwa nne.

Urefu wa ukingo ndipo machungwa yanapoponza. Mwanafunzi anadhani kloridi zinagusana kwenye ulalo wa uso. Anachukua nusu kipenyo cha kloridi, pikomita 181 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita), anazidisha kwa 4, anagawa kwa 1.414, anapata 512. Densiti inatoka gramu 2.89 kwa sentimita ya ujazo, wakati chumvi halisi ni 2.16! Zinazogusana ni kloridi na sodiamu, yenye nusu kipenyo 102: 2 × (181 + 102) = 566. Vipimo vya eksirei hutoa 564, na kwa 564 densiti inakaa sawasawa.

Anayetaka kuliona hili afinyange udongo, milimita 1 kwa pikomita 10: kloridi kipenyo milimita 36, sodiamu 20. Toboa matundu ya vijiti udongo ukiwa bado mbichi, maana ukikauka hupasuka. Ukiunganisha vizuri, kati ya kloridi mbili jirani utabaki mwanya wa karibu milimita 4. Usiuzibe, sodiamu ndiyo iliyozitenganisha.

Kisha weka punje za chumvi ya mawe juu ya kitambaa cheusi, gonga moja kwa kijiko, uitazame kwa lenzi. Vipande vingi vina pembe mraba. Tabaka likiteleza hatua moja, kloridi inakutana na kloridi, sodiamu na sodiamu. Zenye chaji sawa zinasukumana, na punje inaachana hapo hapo kwa mstari ulionyooka.