Igeuze kwanza, polishi baadaye

Jumamosi iliyopita tulikutana watu saba, wakusanyaji wa simu za zamani, kwenye karakana yangu hapa Ngara, Nairobi. Sharti lilikuwa moja: kila mtu aje na simu moja tu, ile anayoiona bora kuliko zote alizopata mwaka huu. Meza niliifuta mafuta, nikaitandika blanketi kuukuu ili pasikwaruzike kitu. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa mama mmoja wa Buruburu, karani mstaafu, na kiondo begani. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa leso.

"Fundi, yangu imechubuka kweli," akasema hata kabla hajaketi.

"Iweke hapo tuione, Mama. Michubuko ndiyo tunayoitafuta."

Ilikuwa simu nyeusi ya kuzungusha, ya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, aina ambayo posta ya Uingereza ilianza kuitoa mwaka 1937 na kuipa nambari 332. Umbo lake asili yake ni Norway: msanii Jean Heiberg ndiye aliyeuchora mwili wa namna hiyo kwa ajili ya kampuni ya simu ya Ericsson mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Waingereza wakaufuata. Ukiishika unaijua mara moja. Ni nzito, ni baridi mkononi, na chini ina kidroo chembamba cha kuwekea kadi ya nambari. Anayependa vitu vinavyong'aa angeipita bila kugeuka. Mimi nilipoliona tundu la 1 kwenye kisahani cha kuzungushia nambari, moyo ulinidunda.

Tundu hilo lilikuwa limezungukwa na mkwaruzo wa mviringo, umechimba hadi chuma kimekuwa laini kama sarafu ya zamani. Huo ni mkwaruzo wa kufuli. Aliyefanya kazi ofisini Nairobi zamani, au aliyelelewa kwenye nyumba yenye simu, analikumbuka. Kufuli dogo lilipachikwa kwenye tundu la 1, na kisahani kikawa hakizunguki kupita hapo. Simu zinaingia, hakuna inayotoka. Bosi anaweka ufunguo mfukoni na kwenda nyumbani.

Sasa tazama vile vitufe viwili ambavyo mkonga, kile kipande unachoweka sikioni, ukilazwa huvikandamiza. Cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto kilikuwa kimelika upande mmoja, kama kisigino cha kiatu. Nikamuuliza Mama kama anajua kwa nini. Akatabasamu. Simu hiyo ilikuwa kwenye meza ya ofisi aliyofanyia kazi miaka kumi na minane, na aliinunua stoo ya kampuni ilipokuwa ikiondoa vitu vyake vya zamani. "Tulikuwa tunapiga nyumbani kwa kugonga," akasema.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wawili waliokuwepo hawakuamini. Kisahani hakipigi simu wakati unakizungusha. Kinapiga kikiwa kinarudi. Ukiinua mkonga, umeme wa karibu volti 50 kutoka kituo cha simu unaanza kupita kwenye waya. Kisahani kikirudi, kinaukata na kuuunganisha, kuukata na kuuunganisha. Ukizungusha 1 unakatika mara moja, 5 mara tano, 0 mara kumi. Mwendo wake ni mikato kumi kwa sekunde. Kule kituoni, mitambo ya kuunganisha simu ya namna ya Strowger, yule Mmarekani mwenye biashara ya mazishi aliyepata hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1891, ilipanda hatua moja kwa kila mkato. Mtambo haujui mkato umeletwa na nini. Kitufe cha mkonga nacho hukata umeme kikibonyezwa. Kwa hiyo mwenye mkono mwepesi hugonga mara nne, akatulia kidogo, akagonga mara saba, na kadhalika, na kufuli linabaki mahali pake halijaguswa.

Jambo hilohilo ndilo lililofanya nambari ya dharura isiwe 111. London ilipoanzisha 999 mwezi Juni 1937, ilijulikana kwamba waya zikigusana kwa upepo hujipigia 1 zenyewe, na 0 ilikuwa tayari ni ya kumwita opereta. 9 iko jirani na 0, ni rahisi kuipapasa gizani. Sisi Kenya bado tunapiga 999 kwenye simu zisizo na kisahani wala waya.

Basi simu ya Mama ina kisa kizima juu ya mwili wake: kufuli, mkono wa karani, na nambari ya nyumbani. Hili ndilo ninalowaambia wakusanyaji kila siku. Simu bora uliyoipata ni ile ambayo bado inaeleza ilikuwa kwa nani na ilitumikaje. Uzuri wa sura unaweza kununuliwa. Alama za matumizi zikishafutwa hazirudi.

Ndiyo sababu nasema igeuze kwanza. Kabla ya sabuni, kabla ya polishi, laza simu kichwa chini juu ya kitambaa na usome. Zile zilizotengenezewa posta ya Uingereza hupigwa muhuri chini, aina ya simu na mwaka kwa tarakimu mbili: ukiona 57, ni 1957. Herufi L baada ya nambari ya aina inamaanisha kisahani kina herufi pamoja na tarakimu, F ni tarakimu tupu. Herufi zilikuwa za miji kama London, ambako jina la kituo lilikuwa sehemu ya nambari: polisi wa Scotland Yard walipatikana kwa WHItehall 1212, yaani unazungusha W, H, I kisha tarakimu nne. Kwenye visahani hivyo herufi O haikai na M na N kwenye 6, inakaa kwenye 0.

Halafu tafuta herufi za mwenye mali, na hapa historia yetu inakusaidia kuliko kitabu chochote. EAP&T ni ya posta na simu za Afrika Mashariki, ambayo kwetu ilikoma Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. KPTC ni shirika letu lililoirithi hapo, hadi lilipogawanywa mwaka 1999 na upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Kwa hiyo kibandiko cha KPTC juu ya simu iliyoundwa 1957 hakina kasoro yoyote. Kinakuonyesha simu iliyokabidhiwa kutoka shirika moja hadi jingine, na mtu akaandika jina jipya bila kubadilisha chombo. Kibandiko hicho usikibandue!

Mzee mmoja aliyestaafu reli alituletea kisanduku cha mbao cha kutundika ukutani, simu ya kukoroga, na kibati chake bado kimeandikwa E.A.R. & H. Shirika hilo la reli na bandari lilianza 1948 na likagawanywa 1969, kwa hiyo kibati tayari kimekupa miaka yake. Simu ya namna hii haina kisahani. Ndani ina sumaku nene zilizopindwa kama kwato ya farasi, na koili inayozunguka katikati yake. Unakoroga, kengele ya upande wa pili inalia. Usishike waya zake mwenzako akiwa anakoroga, zinapiga vibaya. Mzee alikuwa ameifuta vumbi tu. Hata doa la wino karibu na ndoana ya mkonga aliliacha, na nikampa mkono kwa hilo.

Kijana wa tatu alileta simu ya kijani. Nilitamani iwe ya kweli, maana 332 za kijani, nyekundu na za rangi ya pembe ni chache mno na watu huzitafuta kwa udi na uvumba. Nikaifungua skurubu, nikainua mwili. Ndani ilikuwa nyeusi. Simu za rangi za wakati ule hazikupakwa. Plastiki yake ina rangi ile ile nje na ndani, na wala si bakelaiti nyeusi ya kawaida. Hii ilikuwa imepuliziwa rangi ya gari. Pole nilimpa, kwa sababu alilipa pesa nyingi. Kibaya zaidi, aliyeipaka aliipiga msasa kwanza. Bakelaiti ina ngozi nyembamba inayong'aa, na chini yake kuna unga wa mbao uliochanganywa na gundi ya fenoli. Ngozi ikishaondoka mng'ao hauji tena hata usugue vipi. Tena bakelaiti nyingine za zamani zilichanganywa na asbesto, kwa hiyo vumbi la msasa usilivute kabisa.

Za bandia zenyewe hazinisumbui sana. Ni nyepesi, au zimegundishwa kipande cha chuma chini ili zijifanye nzito, na ukitazama kwenye matundu ya kisahani utaona vitufe vya kubonyeza.

Watu huniuliza simu hizi zinapatikana wapi Nairobi. Soko la Gikomba hutokea, kwenye vitu vya nyumba vilivyouzwa kwa jumla. Lakini nyingi nimeziokoa kwa wauza vyuma chakavu, na huko ni mbio. Mnunuzi wa chuma chakavu haoni simu, anaona shaba ya koili na waya, na shaba nyeupe ya kengele. Nyundo moja, bakelaiti inavunjika kama chungu, kilichobaki kinatupwa kwenye mizani. Nimewahi kufika na kukuta gunia la mikonga mitupu. Tangu siku hiyo nina vijana wawili wa Kamukunji wanaonipigia kabla ya kuvunja, na ninawalipa zaidi ya bei ya kilo.

Nami nina kosa langu, na bado linaniuma. Simu yangu ya kwanza ya maana, ya mwaka 1955, ilikuja na waya wake wa asili uliosukwa kwa uzi wa kahawia, na ndani ya kidroo kadi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: daktari, shule, duka la unga, kila mmoja na nambari ya tarakimu tano. Nambari za Nairobi zilikuwa za tarakimu tano wakati huo. Kwa urefu wa nambari tu ungeweza kukisia miaka ya yule mwandishi. Waya ulikuwa umechakaa, nikauondoa na kuweka wa plastiki. Kadi ilikuwa na ukungu, nikaitupa. Simu ninayo hadi leo, inang'aa, inafanya kazi, na haina la kuniambia.

Kuhusu kuifanya ilie, nitasema kwa ufupi. Kisahani kikirudi kwa kusuasua, tatizo huwa ni grisi iliyoganda kwenye breki ndogo inayozuia mwendo. Isafishe kwa spiriti, weka tone moja la mafuta ya saa. Ukizungusha 0, kisahani kirudi kwa sekunde moja na kidogo. Sauti yako ikisikika kama inatoka shimoni, chembe za kaboni kwenye maikrofoni zimeshikana. Igonge taratibu kiganjani. Na kama utaiunganisha na kisanduku cha laini ya simu ya mkononi au ya intaneti, uliza kabla ya kununua kama kinaelewa mikato ya kisahani. Vingi vinaelewa tu milio ya vitufe.

Kwenye karakana nina swichibodi ndogo inayoelewa yote mawili, na tulipomaliza chai nikaichomeka simu ya Mama. Sikuipangusa. Vijana wakamwomba awaonyeshe. Akavua bangili, akaweka mkonga sikioni, akaegemeza kidole cha shahada kwenye kile kitufe cha kushoto, palepale palipolika. Akagonga mara mbili, akatulia, akagonga mara nne. Kwenye rafu ya nyuma, simu ya kijivu nambari 24 ikaanza kulia.