"Ci vediamo": vitenzi vya -si katika kupanga miadi kwa Kitaliano

Mtaliano anayepanga kukutana nawe hatasema "nitakuona" bali ci vediamo, "tutaonana". Kitenzi chenyewe ni vedersi, yaani vedere (kuona) kilichoongezwa -si mwishoni. Sarufi za Kitaliano huweka vitenzi hivi kwenye kundi la verbi riflessivi, vitenzi vinavyomrudia mtenda. Kwa Kiswahili tuna viambishi viwili tofauti: kujiona na kuonana. Kitaliano kina -si kwa vyote, na maana hujulikana kwa muktadha. Mi vedo allo specchio ni "najiona kwenye kioo". Ci vediamo stasera ni "tutaonana leo jioni". Kwenye miadi, basi, achana na -ji- na ufikirie kauli ya kutendana.

Kiambishi hubadilika kwa nafsi: mi vedo, ti vedi, si vede, ci vediamo, vi vedete, si vedono. Utakachokitumia zaidi ni ci, na ndicho wanafunzi wengi hukidondosha. Vediamo peke yake ni "ngoja tuone", jibu la mtu ambaye hajaamua. Ukialikwa chakula ukajibu hivyo ukidhani umekubali, mwenyeji atabaki hajui kama unakuja.

Wakati uliopo unatosha hata kwa miadi ya wiki ijayo: ci vediamo sabato, "tutaonana Jumamosi". Ukitaka kupendekeza, uliza ci vediamo alle sette? au sema vediamoci alle sette, "tuonane saa moja". Pamoja na potere (kuweza), ci hukaa mbele au nyuma: ci possiamo vedere au possiamo vederci, "tunaweza kuonana". Kuiweka pande zote mbili ni kosa.

Vitenzi vingine vina kazi zake. Trovarsi hupendwa pale mahali panapotajwa: ci troviamo davanti alla stazione, "tukutane mbele ya stesheni". Incontrarsi (kukutana) ni rasmi kidogo. Sentirsi, neno kwa neno "kusikiana", ni kuwasiliana kwa simu au ujumbe. Anayekuambia ci sentiamo domani hajakupa miadi bado, kwa hiyo usivae viatu. Mettersi d'accordo ni kuafikiana juu ya saa na mahali, na darsi appuntamento ni kupeana miadi kamili.

Ugumu wa kweli uko kwenye wakati uliopita. Vitenzi hivi hutumia essere (kuwa), si avere (kuwa na), hivyo ci abbiamo visti ni kosa. Sahihi ni ci siamo visti. Mwisho wa kitenzi hufuata jinsia: visti kwa wanaume au kundi lenye mchanganyiko, viste ikiwa wote ni wanawake. Mwanamke akisimulia peke yake husema mi sono vista con Paolo, "nilionana na Paolo". Hiyo con inafanana kabisa na "na" yetu, hata kwenye utata wake: katika mazungumzo, ci siamo visti con Paolo huweza kuwa mimi na Paolo tu, kama vile "tulionana na Paolo" ya kwetu. Kama idadi ni muhimu, taja majina: io e Paolo ci siamo visti.

Halafu kuna saa, inayoharibu miadi kuliko sarufi. Wataliano huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa moja jioni ni alle sette (sette ni saba), na all'una (una ni moja) ni saa saba mchana. Asubuhi na jioni zikiweza kuchanganywa, ongeza di sera (jioni), au sema alle diciannove (kumi na tisa) kama kwenye ratiba za treni. Tazama pia vihusishi: alle otto, lakini all'una, na a mezzogiorno kwa saa sita mchana.