Je, Wajua Kwa Nini Mtungi wa Gesi Haujazwi Hadi Pomoni?

Mtungi wa gesi ya kupikia unaotoka kiwandani umejaa, kwa kweli umebakizwa nafasi ya karibu sehemu moja ya tano. Hujaibiwa. Nafasi hiyo ndiyo inayouepusha mtungi na kupasuka.

Ndani mna propani na butani, zilizoshindiliwa mpaka zikawa kimiminika. Kimiminika hiki kikipata joto hutanuka kuliko maji, tena kwa mbali. Ukiujaza mtungi pomoni asubuhi ya baridi, kisha lori likashinda juani, kitakosa pa kutanukia na shinikizo litapanda ghafla. Vali ya usalama ipo, lakini ikifunguka humwaga hewani gesi inayowaka.

Mjazaji anajuaje pa kukomea? Kwa mizani. Geji ya shinikizo haimsaidii, kwani maadamu kimiminika kimebaki, shinikizo hufuata joto, mtungi uwe nusu au robo. Ndiyo maana uzito wa mtungi mtupu hugongwa kwenye chuma chenyewe: mtungi wa kilo 7.2 ukitiwa gesi kilo 6, mizani isome 13.2. Lakiri juu ya vali haikuambii hayo. Muuzaji anayenuna ukimwomba mizani, mwachie mtungi wake.

Hapo ndipo wajazaji wa uchochoroni wanapotisha. Wanaunganisha mtungi mkubwa na mdogo kwa mpira, wanangoja gesi iache kuhama, basi. Upungufu wa uzito utakula mfuko wako tu. Kilichozidi ndicho cha kuogopwa. Kiwandani, mtungi hukaguliwa kutu na tarehe ya kupimwa upya, na baada ya kujazwa vali hupimwa kama inavuja, mara nyingine kwa kuzamishwa majini. Hata ile harufu kali hutiwa makusudi, maana gesi yenyewe hainuki.

Kwa msambazaji, hatari ya kuangaliwa iko chini, usawa wa miguu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni. Ghala lenye madirisha ya juu peke yake halijapata hewa ya kutosha. Na mitungi isimame wima, hata kwenye pikipiki. Ukilazwa, kimiminika huifikia vali, na kikivuja ni balaa kuliko mvuke: lita moja yake hugeuka takribani lita 250 za gesi.